Msichana wa Pili

Mama alipofariki aliacha vitu vingi, ila sauti hakuacha. Aliacha cherehani, kopo la vifungo, na gauni la mteja ambalo mkono mmoja ulikuwa bado haujashonwa. Picha zake ninazo, nyingi amefumba macho, kwa sababu hakuwahi kujua mpiga picha atabonyeza saa ngapi. Lakini sauti yake haikuwa popote. Simu yake ilitumbukia kwenye beseni la shuka nilizokuwa nimeloweka, ugonjwa ukiwa umeshamlaza kabisa, na ikafa kabla yake. Baada ya msiba nilimuuliza kila mtu, mama mkubwa, majirani, wateja wake wa zamani, kama yupo mwenye hata ujumbe mmoja wa sauti kutoka kwake. Hakuna. Dada nilimuuliza mara mbili.

"Mimi na mama tulikuwa tunapigiana tu, mdogo wangu," alisema mara zote mbili. "Tukimaliza kuongea tumemaliza. Ningekuwa nao ningekunyima wewe?"

Nikamwamini. Dada ni fundi sauti katika kituo cha redio, na kama kuna mtu ambaye angehifadhi sauti ya mama, ni yeye. Kama yeye hana, nikajiambia, basi haipo.

Miezi ikapita na jambo nililoliogopa likaanza kutokea. Maneno ya mama nilikuwa nayakumbuka, lakini hayakuwa na mwenyewe. "Funga mlango, Sindano, mbu wanaingia." Sindano ndiye mimi. Aliniita hivyo kwa sababu nilikuwa mwembamba na sikuwa na kelele. Nilikuwa nikilirudia neno hilo kimoyomoyo nikiwa kazini, maktabani, mahali ambapo kwa bahati yangu kunyamaza ndiyo kazi yenyewe, na kila mara lilitoka kwa sauti yangu.

Kitu kingine nilichobaki nacho ni lawama. Wakati mama anaumwa, dada alikuwa akifanya kazi mji mwingine. Alifika siku ya mazishi, akaanguka mlangoni kwa kilio: "Kwa nini hamkuniambia kwamba mama amezidiwa? Kwa nini mlinificha?" Nyumba nzima ikanigeukia, maana muuguzaji nilikuwa mimi peke yangu. Mama alikuwa amenikataza nisimsumbue dada, akasema atamwambia mwenyewe. Nilifungua mdomo niseme hivyo, nikaona macho yote yale, nikaufunga. Tangu siku hiyo mama mkubwa hunisalimia kama mtu anavyomsalimia mlinzi wa getini, huku anapita.

Mwaka uliofuata dada alihamia mji wetu, na ndipo kituo chake cha redio kikaanza kutangaza lile jaribio. Mtafiti mmoja wa chuo kikuu, ambaye watangazaji walimwita Daktari tu, alikuwa anataka mamia ya watu wa kutafuta mizimu kwa pamoja, katika makundi mawili, mchana wa Jumamosi, kwenye kiwanda cha nguo kilichofungwa zamani. Watu wa mtaa ule walikuwa na hadithi zao, kwamba ukipita pale unasikia mashine zinakwenda na hakuna anayeziendesha.

Kiwanda kile ndicho alichofanyia kazi mama. Alishona kola za mashati pale ujana wake wote, mpaka siku walipofunga milango.

Nikampigia dada kumwambia nataka kwenda.

"Wewe?" akacheka. "Wewe ambaye ukiona mjusi unahama chumba?"

"Mjusi ana miguu."

"Na mizimu?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kwenda."

Kicheko kikakatika. "Hebu nisikilize. Pale ni giza na joto na makelele ya watu wasio na kazi. Mimi mwenyewe nakwenda kufunga spika tu. Usije, tafadhali. Utarudi unalia, na sitakuwa na nafasi ya kukubembeleza."

Niliona ni mapenzi. Nilijisikia vizuri siku nzima, kwamba bado nina mtu wa kunikataza kitu. Hata hivyo Jumamosi ilipofika nilivaa gauni langu la kijivu nikaenda, bila kumwambia. Sikuwa mtu wa kuamini mizimu. Nilikuwa mtu anayetaka kusikia neno moja, na mtu wa namna hiyo huwa hachagui mahali pa kwenda kulisikilizia.

Foleni ilizunguka ukuta wa kiwanda. Mbele yangu alisimama fundi muashi, mwanamume mkubwa mwenye saruji iliyokauka kwenye kucha, aliyeongea bila kupumzika kama watu waoga wanavyofanya.

"Lakini mizimu gani hii inayoamka saa nane mchana?" akaniuliza.

Nikafikiri. "Labda ni ya zamu ya mchana, baba."

Akacheka hadi watu wakageuka, na tangu hapo akanichukua kuwa mtu wake. "Binti, tukae pamoja. Likitokea la kutokea, wewe ni mwepesi, nitakubeba."

Tuliingizwa katika ukumbi wa kushonea. Mashine zilikuwa zimeuzwa zote, lakini sakafu ilikuwa bado inazikumbuka: matundu manne ya misumari kila ilipokaa mashine, safu baada ya safu, na harufu ya mafuta ya cherehani haikuwa imetoka. Mama alikuwa akisimulia kwamba alikaa karibu na nguzo ya dirishani kwa sababu ya mwanga. Niliitafuta nguzo hiyo kwa macho na kuchagua kiti kilicho jirani nayo. Madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa nailoni nyeusi. Mbele, kwenye jukwaa dogo ambalo zamani wasimamizi walisimama kuwatazama washonaji, kulikuwa na pazia jeusi. Nilijua vyombo vya dada viko nyuma yake. Nikajikunja nisionekane.

Daktari alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi hadi likawa kama karatasi. Alitueleza utaratibu. Kila safu ilikuwa na kamba moja ndefu iliyopita mikononi mwa watu wote, na mwisho wa kamba paliwekwa kengele.

"Hatusemi mizimu ipo, wala hatusemi haipo," alisema. "Mtakaa gizani, mtanyamaza. Ukisikia kitu, au ukihisi kitu, vuta kamba. Usipige kelele, usimwambie jirani. Vuta tu."

"Na nikizimia?" akauliza fundi muashi.

"Ukizimia utakuwa umeivuta, mzee wangu."

Watu wakacheka. Taa zikazimwa, na kicheko kikazimika nacho.

Mwanzoni palikuwa na kikohozi na viti vinavyolia. Halafu, mbali, makasi. Makasi makubwa ya kukatia kitambaa, yale yanayosaga meza yanapokwenda. Kamba ikacheza mikononi mwangu, nikaisikia hofu ya fundi muashi ikipita kwangu kwenda kwa mwenzangu wa upande wa pili. Kengele moja ikalia, kisha nyingine. Yakaja mapigo ya cherehani za miguu, mengi kwa pamoja, yakaondoka. Mimi sikuvuta. Nilijua dada ana spika mle ndani, na nilishaanza kukisia kwamba hapa tunachezewa. Nilihuzunika kidogo, lakini sikukasirika.

Ndipo mama akasema, "Njoo."

Nilimjua kabla ya neno. Mama alikuwa na kawaida ya kuvuta pumzi fupi, kama mtu anayetaka kumeza kitu, kabla ya kusema, na nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilipoisikia, mwili wangu wote ukakumbuka.

"Njoo. Nimechoka kungoja."

Kengele zililia kila upande. Mtu nyuma yangu alianza kusali. Mimi sikuogopa hata chembe. Machozi yalinitoka tu, na nilikuwa natabasamu gizani kama mjinga. Mawazo yote ya spika yalinipotea. Nilitazama upande wa ile nguzo nisiyoweza kuiona, nikasema polepole, "Niko hapa, mama."

Akarudia. "Njoo. Nimechoka kungoja." Kimya. Nilikuwa nimeacha kamba idondoke mapajani. Nikawaza, akiniita mara ya tatu nitasimama niende, liwe liwalo.

Akaniita mara ya tatu. Safari hii baada ya maneno ilifuata pumzi yake ndefu, ya mgonjwa, inayoshuka taratibu. Na ndani ya pumzi ile, mbali, kama kutoka chumba kingine, msichana akasema:

"Mama, maji bado ya moto. Nipoze?"

"Wako wawili!" mtu akapiga kelele, na masharti ya Daktari yakaishia hapo. Viti vikaanguka. Kengele zote zikalia kwa mpigo mmoja.

"Huyu wa pili ni mtoto wa kike," fundi muashi alininong'oneza, meno yanagongana. "Umemsikia? Maskini, amekufa angali mdogo."

"Ni mimi," nikasema.

"Unasemaje?"

"Huyo msichana ni mimi."

Kisha nikahisi kidole chake kikubwa kikinigusa begani mara moja, taratibu, kama mtu anayeangalia kama rangi imekauka. "Binti," akasema, "usinifanyie hivyo."

Nilikuwa nimekaa gizani, na mambo yalikuwa yananijia moja baada ya jingine. Maji yale niliyakumbuka. Ilikuwa asubuhi, jikoni kwetu, mama akiwa hawezi tena kushika kikombe. Nilikuwa nimeuliza nikiwa jikoni, naye chumbani akiwa peke yake na simu. Wakati ule vidole vyake havikuwa na nguvu ya kuandika. Alibonyeza tu, akaongea, akaachia. Na alikuwa akimwita mtu aje. Mimi nilikuwa pale pale, hakuwa na haja ya kuniita.

Taa zikawashwa. Watu walikuwa wamesimama juu ya viti, wamekumbatiana na wasiowajua. Daktari, uso unang'aa, alishuka na kinasa sauti kuwauliza wamesikia nini, na msichana wa pili alikuwa ameshapata maisha yake. Mmoja alisema ni fundi aliyeungua hapo kiwandani. Mwingine akasema hapana, alijitupa kutoka ghorofani kwa ajili ya mwanamume. Mama mmoja mwenye miwani aliapa kwamba alimfahamu, na kwamba alikuwa na majivuno.

Nikapita katikati yao, nikapanda jukwaani, nikafunua pazia.

Dada alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, hedifoni shingoni, anakunywa maji. Aliponiona chupa ilibaki hewani.

"Umeingiaje?"

"Mlangoni."

"Nilikwambia usije." Alisema kwa hasira, kisha akautazama uso wangu na hasira ikamtoka. "Mdogo wangu. Kaa basi. Kaa nikueleze."

Sikukaa.

"Daktari alileta mwigizaji," alianza, haraka haraka. "Mwigizaji akaongea kama mwigizaji. Hakuna mtu angeshtuka. Akataka sauti ya mgonjwa wa kweli, na akasema bila hiyo jaribio limekufa na mimi sina kazi naye tena. Nikakumbuka ninacho kile kipande. Kifupi tu. Nikasema, hata hivyo mama alifanya kazi hapa. Si vibaya asikike hapa. Kama kumkumbuka hivi."

"Ulisema huna."

"Nilisema..."

"Nilikuuliza mara mbili, dada. Leo mamia ya watu wamemsikia mama, na kati yao ndimo nilimokuwa mimi, nimeshika kamba moja na fundi muashi."

"Jioni Daktari atawatangazia wote kwamba ilikuwa sauti iliyorekodiwa. Ndivyo utafiti wao ulivyo, wanataka kuona hofu inavyoambukizana. Hakuna aliyedhurika."

"Na mimi mbona uliniacha mle ndani?"

Hakuelewa. "Wewe wapi?"

"Katika ile pumzi. Nauliza kuhusu maji."

Aligeukia kompyuta, akavaa hedifoni, akasikiliza. Nilimwona alipofika. Mabega yake yalishuka.

"Haki ya Mungu sikukusikia," akasema. "Nimeisikiliza wiki nzima. Niliiacha ile pumzi kwa sababu niliipenda. Wewe sikukusikia kabisa."

Kazi ya dada ni kusikia. Akiwa jikoni kwetu husema friji ya jirani inataka kuharibika. Nadhani nilikuwa bado namtafutia udhuru mpaka pale, na hapo nikauacha.

"Nataka kuusikia wote," nikasema.

"Si hapa. Nyumbani."

"Hapa."

"Hauna kitu kingine, ni habari za kawaida tu..."

Nilinyoosha mkono nikamvua hedifoni. Sijawahi kumfanyia mtu kitu kama kile, na labda ndiyo maana hakunizuia. Akabonyeza, akageuza uso.

Pumzi fupi. Kisha mama:

"Mwanangu. Hii ni mara ya tatu nakutumia, najua una kazi, sikulaumu. Si kwa ajili yangu. Mimi nimeshajijua. Ni mdogo wako. Halali huyu mtoto. Anakaa kitini amenishika kidole mpaka kunakucha, kisha anakwenda kazini. Amekonda, na hakuwa na cha kukonda. Hatakwambia, unamjua Sindano, kuomba hawezi. Njoo umpokee, hata siku chache alale. Njoo. Nimechoka kungoja."

Pumzi ndefu. Mimi, jikoni, nauliza maji.

Mwisho.

Nilibaki nimeshika zile hedifoni masikioni baada ya kimya kuanza. Nilikuwa namwona dada ameanguka mlangoni siku ya mazishi. Kwa nini hamkuniambia? Na wakinamama wakimnyanyua, wakimpepea kwa khanga, na mimi nimesimama na sinia la vikombe, naangaliwa.

"Niliogopa," alisema alipoona nimezivua. "Niliogopa kumwona vile. Kila siku nikasema kesho naondoka. Halafu ikawa nimechelewa, na watu wote wamejaa pale, na maneno yakanitoka tu mdomoni. Sikukusudia waanze kukutazama wewe."

"Lakini walinitazama."

"Ndiyo."

"Mpaka leo."

Nje ya pazia Daktari alikuwa anawashukuru watu na kuwaomba watoke kwa utulivu ili kundi la pili liingie. Dada alisikia neno hilo pamoja na mimi, kundi la pili, na sote wawili tukatazama kompyuta.

"Usiipige tena sauti ya mama," nikasema. "Nakuomba, dada."

"Siipigi."

"Umeniahidi?"

"Nitaweka ya yule mwigizaji, Daktari akikasirika na akasirike. Naapa kwa kaburi lake, Sindano." Hakuwa ameniita jina hilo tangu msiba. Alichukua simu yake, akanitumia ujumbe wote, na simu yangu ikalia mkobani. Kisha akanishika mkono. "Na wewe basi nisaidie. Mama mkubwa asijue. Yaishe hapa, kati yetu."

Nikaitikia kwa kichwa. Mimi ni mtu wa kuitikia kwa kichwa. Akanikumbatia, shingo yake inanukia poda ile ile aliyokuwa akipaka tulipokuwa tunalala kitanda kimoja, na niliamini. Hilo ndilo linalonichoma mpaka sasa, kwamba hata baada ya yale yote nilitoka mle ndani nimeamini.

Nje fundi muashi alikuwa amekaa kwenye tofali chini ya dirisha lililozibwa, hajui aende wapi. Alinisogezea nusu ya tofali.

"Binti, nimefikiri," akasema. "Wewe ulikuwa unanitania, siyo?"

"Nilikuwa nakutania, baba."

"Basi umenitoa roho."

Tukakaa. Kundi la pili liliingia, mlango ukafungwa. Nailoni ile ilizuia mwanga, lakini sauti ilipita kama kawaida. Tukayasikia makasi. Tukazisikia cherehani, na kengele mbili tatu za watu wenye haraka. Nilikuwa nangojea mwigizaji. Nilikuwa hata nimejiandaa kumcheka kidogo.

Pumzi fupi.

"Njoo," mama akasema ukutani, nyuma ya kichwa changu. "Nimechoka kungoja."

Fundi akanishika mkono. Kengele zikalia. Mama akarudia. Nikakaa bila kutikisika, nikiwa nimebakiwa na jambo moja tu la kungojea. Likaja la tatu, likaja na ile pumzi ndefu aliyoipenda dada, ikashuka taratibu, nikatega sikio mahali pangu.

Pumzi ilikuwa safi. Iliteremka mpaka mwisho, laini, bila kikwazo. Mle ndani hamkuwa na jikoni, wala maji, wala mtu. Dada alikuwa ameyatumia yale mapumziko mafupi kufanya kazi yake vizuri.

Nilitoa simu. Nikautafuta ule ujumbe, nikamtumia mama mkubwa, wote, kuanzia mwanzo mpaka maji ya moto, bila kuongeza neno. Nikatazama mpaka nilipoona umefika.

Kengele zilikuwa bado zinalia. Fundi muashi alikuwa ameegemeza sikio ukutani, uso umekunjamana kwa kusikiliza.

"Yule bibi yupo," akasema. "Lakini yule msichana wa pili simsikii. Kaenda wapi?"

"Ameondoka, baba," nikasema, nikachukua mkoba wangu.